Bastola, presha ya risasi na kubadilisha kaliba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Maswali haya yametoka kwa wenye leseni wa hapa Mwanza na vitongoji vyake: wafanyabiashara wa samaki wa Kirumba wanaotembea na fedha taslimu alfajiri, wanunuzi wa dhahabu wanaokuja kutoka Geita, walinzi wa makampuni, na wachache wanaopiga shabaha kwa kupenda tu. Majibu ni yangu mimi fundi wa silaha, nayo yanahusu kuchakaa kwa silaha kwa presha ya risasi na kwa kubadilisha kaliba, yaani kipimo cha risasi inayopigwa. Hayamfundishi mtu kukata wala kutoboa chuma nyumbani, na kama swali lako la namna hiyo halimo, halikusahaulika.

Presha ya risasi ni kitu gani hasa?

Fataki iliyo kitakoni mwa risasi ikigongwa, baruti inaungua na kugeuka gesi ndani ya ganda. Gesi hiyo inasukuma kila upande: mbele kichwa cha risasi, nyuma kitako cha ganda, pembeni kuta za chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Wamarekani wanaipima kwa pauni kwa inchi ya mraba, yaani psi. Ulaya wanatumia bar. Tairi ya gari dogo ina psi thelathini na kitu. Risasi ya 9mm inaruhusiwa kufika psi 35,000, zaidi ya mara elfu moja ya tairi, ila kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Viwango vya juu vinavyotumika Marekani kwa kaliba mbalimbali ni hivi: .38 Special psi 17,000; .45 ACP 21,000; .380 ACP 21,500; .22 LR 24,000; 9mm, .40 S&W na .357 Magnum zote 35,000; 10mm Auto 37,500; .357 SIG 40,000. Hiyo ni dari, si wastani. Risasi nyingi za kiwandani zimejazwa chini yake.

Kwa hiyo 9mm ya psi 35,000 inachakaza bastola kuliko .45 ya psi 21,000?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Psi ni kipimo cha msukumo kwa kila inchi ya mraba, haikuambii slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola, itarudi nyuma kwa kishindo gani. Kishindo cha slaidi kinatokana na uzito wa kichwa cha risasi na kasi yake. Kichwa kikienda mbele, slaidi na mtutu vinarudi nyuma kwa kiasi kile kile, uzito mara kasi.

Tupige hesabu kidogo. Kichwa cha 9mm cha gramu 8 kikitoka kwa mita 350 kwa sekunde, uzito kwa kilo mara kasi inakuja 2.8. Kichwa cha .40 cha gramu 11.7 kwa mita 300 kinatoa 3.5. Kichwa cha .45 cha gramu 14.9 kwa mita 255 kinatoa 3.8. Ya presha ndogo ndiyo inayosukuma slaidi zaidi. Angalia pia kwamba 9mm na .40 zina psi sawasawa kabisa, lakini .40 inazidi kwa robo nzima katika kuipiga fremu, yaani mwili wa bastola wenye kishikio. Kitako chake ni kipana zaidi, kwa hiyo presha ile ile inakalia eneo kubwa na kuusukuma uso wa slaidi, pale kitako kinapoegemea, kwa nguvu zaidi.

Ndiyo maana .45 inaishi miaka mingi katika bastola kama ile iitwayo 1911: slaidi ni nzito, fremu ni chuma kitupu, na mbunifu wake John Browning aliitengeneza bastola kwa ajili ya risasi hiyo hiyo. Weka kishindo hicho kwenye bastola ndogo nyepesi na hadithi inabadilika. Swali la kuuliza dukani ni kama slaidi, springi na fremu vilipangwa kwa ajili ya risasi unayoitaka. Psi peke yake haikujibu hilo.

Basi presha yenyewe inaharibu nini?

Mtutu, chemba na meno yanayofunga mtutu kwenye slaidi. Gesi ya moto inakula chuma mwanzoni mwa mifereji ya mtutu, pale kichwa cha risasi kinapoingilia. Kwa bastola hilo ni jambo la polepole sana. Mtutu mzuri wa 9mm unapita risasi makumi ya maelfu, na mwenye leseni wa kawaida hapa kwetu hazifikishi maishani mwake. Wapiga shabaha ndio wanaoweza kuumaliza mtutu.

Hatari ya presha ni pale inapopita dari kwa ghafla: risasi iliyojazwa vibaya, kichwa kilichozama ndani ya ganda, au mtutu ulioziba. Hapo habari ya kuchakaa inakwisha. Ganda linafumuka karibu na kitako, gesi inashuka kwenye magazini, kishikio kinapasuka mkononi.

Bastola zilizotengenezwa nchi kama Italia, Austria, Ujerumani au Jamhuri ya Cheki zina mihuri midogo ya majaribio kwenye mtutu na slaidi. Mihuri hiyo inasema silaha ilipigwa kiwandani kwa risasi maalumu zinazozidi presha ya juu kwa asilimia 30, ikabaki salama. Ukiweka mtutu mwingine wa mtaani usio na muhuri, jaribio lile halikuhusu tena.

Nimeona maganda yameandikwa +P. Nitumie?

+P ni risasi iliyoongezwa presha. Kama kitabu cha bastola kinaruhusu, kwa kiasi. +P ya 9mm ina dari ya psi 38,500 badala ya 35,000. Bastola za kisasa za ukubwa kamili zinaibeba, ila springi inachoka mapema na slaidi inagonga zaidi. Kwa mazoezi sioni maana yake.

Ukikuta ganda lina alama ya msalaba ndani ya duara, hiyo ni risasi ya kijeshi ya NATO, nayo kwa kawaida ina nguvu kuliko ya kiraia ya 9mm. Mwenye leseni wa kawaida akiuziwa hizo ajiulize zimetokea wapi kabla hajauliza zina psi ngapi.

Fundi, nina Glock 22 ya .40. Risasi zake ni shida kupatikana na bei imepanda. Nikiweka mtutu wa 9mm itaharibika?

Kaka, hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nalo nitalijibu kwa kirefu.

.40 S&W ilizaliwa mwaka 1990, baada ya FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, kutafuta risasi nzito zaidi kufuatia mapigano yao ya risasi na majambazi Miami, Aprili 1986. Viwanda vingi viliichukua fremu ya 9mm na kuipanua kidogo tu ili .40 ikae. Glock 22 na Glock 17 zina ukubwa ule ule kwa nje. Maana yake bastola nyingi za .40 ni bastola za 9mm zilizobebeshwa mzigo. Glock ilipotoa kizazi cha nne mwaka 2010 iliweka springi mbili zilizoingiana, na wa .40 ndio walioihitaji zaidi. Katikati ya miaka ya 2010 FBI wenyewe wakarudi 9mm.

Kutoka .40 kwenda 9mm, basi, ni kuipunguzia silaha kazi. Mtutu wa kubadilishia una tundu la 9mm lakini nje ni mnene kama wa .40, ili ujaze nafasi ya slaidi. Slaidi ya .40 ni nzito kidogo, kishindo kimepungua, fremu inapumzika. Kwa upande wa kuchakaa hakuna hasara.

Tatizo lako litakuwa utendaji. Uso wa slaidi ulipimwa kwa kitako cha .40, chenye upana wa kama milimita 10.8, na kitako cha 9mm hakifiki milimita 10. Kichomoa ganda kinashika kwa ncha tu. Maganda yanaweza kutupwa hovyo, mara yakugonge usoni, mara yakwame kwenye dirisha la kutolea maganda. Magazini ya .40 mara nyingi inakubali 9mm, lakini midomo yake ni mipana na risasi inaweza kuinuka vibaya. Weka magazini ya 9mm. Kitupa ganda nacho kiwe cha 9mm. Na springi ngumu pamoja na risasi dhaifu za mazoezi, slaidi inaweza isirudi nyuma hadi mwisho.

Kwa shabaha hayo yote yanavumilika. Kwa silaha ya kujilinda mimi siipendi hali hiyo. Anayetoka soko la Mwaloni saa kumi na moja alfajiri na mfuko wa mauzo ya dagaa anahitaji bastola inayofyatua kila mara. Auze ya .40 kwa utaratibu wa kisheria atafute ya 9mm.

Na kinyume chake? Nina ya 9mm nataka .40.

Haiwezekani kwa kubadilisha mtutu. Kitako cha .40 hakiingii kwenye uso wa slaidi ya 9mm. Anayekuambia atachonga kidogo, chukua silaha yako uondoke.

Leseni yangu ni ya .40. Mtutu wa 9mm si kipuri tu?

Usiwaze hivyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inashika silaha pamoja na risasi zake. Leseni inaitaja silaha, na risasi unazouziwa zinafuata leseni. Ukikutwa na boksi la kaliba ambayo leseni haiitaji, kueleza kwamba bastola ni ile ile hakutakusaidia. Nenda polisi kwanza, kwa OCD wako, mkuu wa polisi wa wilaya, kabla hujatoa pesa.

.357 SIG kwenye bastola ya .40 je?

Hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayochakaza. .357 SIG ilitoka mwaka 1994, ganda lake lina kitako cha .40 na shingo iliyobanwa hadi 9mm. Unabadilisha mtutu tu; magazini, kichomoa ganda na uso wa slaidi vinabaki. Dari ni psi 40,000. Kichwa cha gramu 8 kinatoka kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Kishindo kwa fremu kinakaribiana na cha .40, ila joto, mlio na kuliwa kwa mtutu viko juu zaidi. Tena ukikosa .40 Mwanza, .357 SIG utaitafuta mpaka uchoke.

Kifaa cha .22 cha mazoezi kinaumiza fremu?

Hakiumizi. Kifaa cha .22 LR huja na slaidi yake nzima, mara nyingi ya aluminiamu, kwa sababu risasi ile haina nguvu ya kuisukuma ya chuma. Kichwa cha gramu 2.6 kwa mita 330 kinatoa uzito mara kasi isiyofika 0.9. Mtutu haufungwi kwa meno, umetulia tu. Kinachochakaa ni kifaa chenyewe, na uchafu: .22 ni risasi chafu, nta na madini laini ya risasi vinaganda kwenye chemba mpaka maganda yakatae kutoka. Safisha mara mbili zaidi ya ulivyozoea.

Tokarev ya zamani ikiwekewa mtutu wa 9mm inakuwa salama?

Vitako vya 7.62×25, ambayo ndiyo risasi ya Tokarev, na 9mm vinakaribiana sana kwa upana, kwa hiyo uso wa slaidi unakubali zote mbili. Ganda la Tokarev lina urefu wa milimita 25 na la 9mm milimita 19, ndiyo maana magazini huwekewa kizibo cha nyuma ili risasi fupi isicheze. Wachina wenyewe walitengeneza ya 9mm kwa umbo lile lile na kuipa namba 213. Kishindo hakipishani sana.

Wasiwasi wangu ni umri. Kwenye Tokarev mtutu unashushwa na kiungo kidogo chenye pini. Kiungo kikilika, mtutu unachelewa au unawahi kufunguka, na meno yanaanza kuumana pembeni. Vua slaidi, toa mtutu, tazama meno ya juu ya mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Kona zake zinatakiwa ziwe kali. Zikiwa zimeviringika na kung'aa upande mmoja, usihangaike na kaliba, silaha imemaliza kazi yake.

Baba yetu ametuachia Browning Hi-Power. Naweza kuitumia na risasi za sasa, mzee?

Poleni kwa msiba. Kwanza, silaha ya marehemu hairithiwi kimya kimya. Ipelekeni polisi, taratibu za leseni zifuatwe, ndipo tuzungumze risasi.

Hi-Power ni bastola ya mwaka 1935, ya 9mm, na fremu zake za zamani zilifuliwa kwa chuma ambacho leo tungekiita laini. Risasi za kawaida za 9mm inazimudu. +P msiiguse. Kiwanda chenyewe kilipotaka kutoa ya .40 mwaka 1994, kilibidi kiende kwenye fremu ya kusubu iliyo ngumu zaidi na slaidi nzito, kwa kuwa ile ya zamani haikuhimili. Ushahidi huo unatosha kwa anayedhani .40 ni 9mm iliyonona. Badilisheni springi ya slaidi mara moja, maana hakuna anayejua iliyomo ni ya mwaka gani.

Ni kweli Beretta za jeshi la Marekani zilikatika slaidi?

Kweli. Jeshi lilichagua Beretta ya 9mm mwaka 1985 na kuiita M9. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 slaidi kadhaa zilikatika, na kipande cha nyuma kikamrudia mpigaji. Ukazuka ubishi: wengine walilaumu risasi zenye presha kubwa, wengine chuma cha slaidi. Suluhisho lilikuwa dogo na la akili. Pini ya nyundo ilipewa kichwa kikubwa kinachoingia kwenye mfereji wa slaidi, ili hata slaidi ikikatika isitoke nyuma. Ndiyo 92FS tunayoiona leo. Kinachochakaa zaidi humo ni kile kipande cha kufungia mtutu, chenye mabawa mawili. Bawa moja likipata ufa kipande kinatupwa.

Rivolva ya .357 inakubali .38 Special. Kuna ubaya?

Hakuna ubaya wa presha, .38 ni nusu yake. Ganda la .38 ni fupi, kwa hiyo linaacha pete ya masizi ndani ya silinda, na baadaye .357 inakwama hapo. Sugua.

Kinachoua rivolva nyepesi ni .357 yenye kichwa chepesi na kasi kubwa. Smith & Wesson za fremu ya K, kama Model 19, mtutu wake ulipunguzwa unene upande wa chini, pale unapopakana na silinda, na hapo ndipo nyufa hutokea. Ukifungua silinda, mulika tochi mwanzoni mwa mtutu, chini kabisa. Na ile mikwaruzo ya moto kwenye daraja la juu ya silinda isikutishe. Inachimba kidogo kisha inasimama.

Springi ya slaidi nibadilishe lini?

Kwa bastola ya ukubwa kamili wengi hubadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000. Ndogo mapema zaidi, kwa sababu springi yake fupi inabanwa sana. Fuata kitabu cha kiwanda kwanza. Springi ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote humo na ndiyo inayoilinda fremu.

Watu huniomba springi ngumu kupita ya kiwanda, eti ilinde zaidi. Kishindo cha kurudi nyuma kitapungua, lakini slaidi sasa inarudi mbele kwa hasira. Inagonga pini ya kuzuia slaidi na meno ya chini ya mtutu. Kwenye CZ 75 pini hiyo ndiyo hukatika kwanza hata kwa springi ya kawaida, na wapiga shabaha wengi hutembea na ya akiba.

Risasi ninayoingiza asubuhi na kuitoa usiku kila siku, ina shida gani?

Ina shida kubwa kuliko +P zote ulizowahi kuogopa. Kila slaidi inapoirusha risasi kwenye chemba, kichwa chake kinagonga njia ya kuingilia. Kinazama kidogo ndani ya ganda. Usiku unaitoa, unairudisha juu ya magazini, asubuhi inagongwa tena ile ile. Baada ya miezi kichwa kimezama kiasi cha kuonekana kwa macho. Nafasi ya baruti imepungua, na ganda la bastola ni dogo, hivyo kipande kidogo tu cha nafasi kikipotea presha inapanda sana. .40 yenye kichwa kizito ndiyo mbaya kuliko.

Chukua risasi hiyo uisimamishe juu ya kioo cha meza, pembeni yake usimamishe mpya ya boksi lile lile. Inama macho yako yawe sawa na meza. Vichwa visipolingana, ya zamani haiingii tena kwenye bastola. Mwenye vanieri apime: 9mm mpya haizidi milimita 29.69 kutoka kitako hadi ncha, ila linganisha na ya boksi lako, kwa kuwa kila kiwanda kina urefu wake.

Wachuuzi wa dhahabu ndio ninaowaona na tatizo hili zaidi. Wanaingia benki, wanatoa risasi, wanatoka, wanaingiza, wanavuka kwenda Sengerema, wanafika nyumba ya wageni, wanatoa tena. Weka nukta ya kalamu kwenye kitako kila unapoiingiza chemba. Ikiwa na nukta mbili, iweke kando, tumia nyingine. Zilizowekwa kando zipigwe kwenye uwanja wa shabaha zikiwa bado zina urefu wake; zilizopungua urefu zirudishwe polisi au kwa muuzaji mwenye kibali, zisipigwe.

Unyevu wa ziwa unaila silaha?

Ziwa letu ni la maji baridi, hatuna chumvi inayowasumbua wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga. Unyevu upo, hasa masika, na jasho la kiunoni lina chumvi ya kutosha. Kutu ya nje ni sura tu. Kutu ya ndani ya chemba ndiyo yenye madhara: inachimba vishimo, ganda likivimba kwa presha linavishika, kichomoa ganda kinavuta kwa nguvu mpaka ukingo wa ganda unang'oka.

Halafu mtu akisikia kutu anamimina mafuta. Mafuta ndani ya chemba ni kosa jingine. Ganda kavu linang'ang'ania kuta za chemba na kupunguza msukumo unaokwenda nyuma. Chemba ikiwa na mafuta ganda linateleza, na mzigo wote unakalia uso wa slaidi na meno ya kufungia. Tena mafuta yakipenya kwenye fataki risasi inakufa. Paka utando mwembamba, kisha futa chemba kwa kitambaa kikavu.

Gari langu hushinda juani Barabara ya Kenyatta na risasi ziko ndani. Zinaongezeka presha?

Risasi iliyopigwa ikiwa ya moto presha yake hupanda kiasi, si kitu cha kuvunja bastola nzima. Ila silaha na risasi haziachwi kwenye gari, na hiyo ni sababu kubwa kuliko joto.

Nitajuaje bastola yangu imeanza kuchoka?

Anza na maganda. Yalikuwa yakianguka hatua mbili tatu kutoka ulipo, sasa yanaruka mbali kwa risasi zile zile: springi imelegea. Ganda lina uvimbe upande mmoja karibu na kitako: simamisha kupiga, mtutu na risasi vikaguliwe. Fataki iliyotandazwa mpaka kona zake zimepotea huonyesha presha kubwa, japo peke yake haitoshi kuhukumu, kuna viwanda vyenye fataki laini.

Kisha vua slaidi. Rangi kulika juu ya mtutu na kwenye reli ni kawaida, bastola zote huchubuka hapo ndani ya boksi chache za mwanzo. Pitisha ukucha pale slaidi inapogonga fremu ikirudi nyuma. Ukucha ukikwama kwenye mdomo wa chuma kilichobonyea na kufumka pembeni, fremu inapigwa kuliko ilivyopangiwa. Angalia kona za dirisha la kutolea maganda, nyufa hupenda kona. Futa kwanza mafuta yote, maana ufa mwembamba hujificha humo; acha silaha dakika kadhaa, na mafuta yaliyobaki ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari.

Ufa mdogo kwenye slaidi, fundi wa kuchomelea anaweza kuuziba?

Hapana. Slaidi ilipashwa moto na kupozwa kwa kipimo ili ipate ugumu wake, na moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo kwa upana kuliko ufa wenyewe. Juu itang'aa, pembeni yake pamekuwa laini, na itakatika hapo. Slaidi yenye ufa inabadilishwa nzima kupitia kwa muuzaji au fundi mwenye kibali. Nyingi zina namba ya silaha, kwa hiyo polisi waarifiwe kabla ya ya zamani kuondolewa.